Ruzuku za mazao Marekani: malipo yako wazi, lakini anayezipata hasa ni nani?

Mwanafunzi_wa_Sera aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaandika tasnifu kuhusu ruzuku ambazo serikali ya Marekani huwalipa wakulima wa mahindi, ngano, soya, pamba na mpunga, na nimekwama mahali ambapo sikutarajia. Nilidhani kazi ngumu ingekuwa kuzielewa kanuni za malipo; kumbe kanuni zinasomeka, ila jina la anayepokea fedha ndilo linalonishinda.

Nieleze nilichofanya. Wakala wa Wizara ya Kilimo unaoshughulikia malipo haya huweka hadharani majedwali ya kila mwaka, na kila mstari una jina la mlipwaji, anwani yake, mpango uliomlipa, tarehe na kiasi. Vilevile shirika la Environmental Working Group limekusanya kumbukumbu za malipo tangu mwaka 1995 na kuzipanga katika kanzidata ambayo mtu yeyote anaweza kuipekua. Nilichagua mstari mmoja wenye malipo makubwa. Jina lilikuwa la ubia na anwani ilikuwa sanduku la posta. Nikaenda kwenye daftari la kampuni la jimbo husika, nikakuta kwamba baadhi ya wabia ni kampuni, na kwamba moja ya kampuni hizo iko mikononi mwa amana ya familia, yaani mali inayoshikiliwa na wadhamini kwa niaba ya familia. Hapo njia ikaishia. Nilianza na fedha za umma zilizoandikwa hadi senti ya mwisho, nikamaliza bila jina la binadamu hata mmoja.

Jambo hili si la udadisi tu. Sheria inaweka ukomo wa malipo kwa kila mtu: dola 125,000 kwa mwaka kuanzia sheria ya kilimo ya 2014, na sheria iliyopitishwa mwaka 2025 imeupandisha ukomo huo hadi dola 155,000. Ubia hauna ukomo wake wenyewe, bali kila mbia anayestahili huja na ukomo wake. Sasa, ikiwa mimi nje ya ofisi siwezi kuwahesabu wabia, nitajuaje kwamba ukomo umefuatwa?

Naomba msaada kwa maswali mawili. Je, taarifa hii haipo kabisa, au ipo na imefungwa? Na je, ni haki kuidai, ikizingatiwa kwamba mkulima naye ni mtu mwenye faragha yake?

Mpekuzi_wa_Nyaraka alijibu:

Ndugu yangu, swali lako la kwanza lina jibu la hakika: taarifa ipo. Serikali inamjua mpokeaji wa mwisho, tena kwa namba yake ya utambulisho. Asiyemjua ni mwananchi anayelipa. Hali hiyo haikutokea kwa bahati mbaya, na ukitaka kuielewa inabidi uutazame mwaka 2008 kwa makini, kwa sababu mambo matatu yalitokea ndani ya mwaka huo mmoja na watu wengi huyasoma kana kwamba hayahusiani.

Kabla ya hapo uwazi ulikuwa ukipanuka, ingawa kwa kusukumwa. Gazeti la Washington Post liliishtaki Wizara ya Kilimo likidai majina ya waliolipwa ruzuku ya pamba, na mwaka 1996 mahakama ya wilaya ya mjini Washington ikaamua kwamba maslahi ya umma yanazidi madai ya faragha ya walipwaji. Miaka michache baadaye Environmental Working Group ikaweka orodha za malipo kwenye intaneti, na mjadala wa sheria ya kilimo ya 2002 ukafanyika huku wapiga kura wakiwa na majina mkononi. Sheria hiyo ya 2002 ikaiagiza wizara ifuatilie faida za ruzuku kupitia kampuni na ubia hadi kwa mtu binafsi. Kwa muda mfupi takwimu hizo zilitolewa, na walioziona waliweza kufanya kile kile unachojaribu kukifanya wewe.

Kisha ukaja mwaka 2008. Jambo la kwanza: mwezi Februari, katika kesi ya Multi Ag Media, mahakama ya rufaa ya Washington iliiamuru wizara itoe kumbukumbu za mashamba, zikiwemo ramani za vipande vya ardhi, kwa hoja kwamba bila ardhi kuonekana umma hauwezi kupima kama ruzuku inasimamiwa sawasawa. Jambo la pili: miezi michache tu baadaye Bunge likapitisha sheria mpya ya kilimo, na kifungu cha 1619 kikaizuia wizara kutoa taarifa za ardhi na shughuli za shamba zilizotolewa na mkulima, pamoja na ramani zake. Kifungu hicho kiliacha kiasi cha malipo pamoja na majina na anwani za walipwaji viendelee kutolewa, na hayo ndiyo unayoyaona leo katika majedwali yako. Jambo la tatu ndilo linalokuuma: lile agizo la 2002 la kukusanya takwimu hadi kwa mtu binafsi likabadilishwa kutoka lazima kuwa hiari. Palipoandikwa kwamba wizara itafanya, pakaandikwa kwamba inaweza kufanya, na wizara ikaacha.

Tazama sasa kinachonisikitisha zaidi. Sheria hiyo hiyo ya 2008 iliitaka wizara, kwa ajili ya kusimamia ukomo, iyahesabu malipo moja kwa moja kwa mtu halisi, ikishuka kupitia ngazi nne za umiliki: ubia, kampuni iliyo ndani ya ubia, kampuni iliyo ndani ya hiyo, na kuendelea. Maana yake ni kwamba ule mnyororo uliokushinda wewe unafuatwa ofisini kila msimu. Karani anajua ngazi ya nne ina nani, ilhali wewe unaonyeshwa ngazi ya kwanza peke yake.

Utaniuliza kama karani hatoshi. Nakujibu kwa kisa kimoja kilichoandikwa na Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali, inayolifanyia Bunge ukaguzi, katika ripoti yake ya mwaka 2007. Kulikuwa na shamba katika jimbo la Illinois, lenye takriban ekari 1,900 za mahindi na soya, lililosajiliwa kama kampuni yenye wanahisa wanne. Mmoja wao, mwenye zaidi ya asilimia 40 ya hisa, alifariki dunia mwaka 1995. Kuanzia 1999 hadi 2005 shamba hilo lililipwa zaidi ya dola 400,000 kwa kutumia hisa za marehemu. Katika jedwali la umma mwaka hadi mwaka lingeonekana jina la kampuni tu, na kampuni haifi. Jirani anayejua kwamba mzee yule alikwisha kuzikwa asingekuwa na sababu ya kuuliza lolote, kwa kuwa jina la mzee halikuwa limeandikwa mahali anapoweza kulisoma. Kwa jumla ripoti hiyo ilikuta dola bilioni 1.1 zimelipwa katika miaka hiyo saba kwa majina ya watu 172,801 waliokwisha kufa. Ni haki kuongeza kwamba si malipo yote hayo yalikuwa kinyume cha sheria, maana mirathi ambayo bado haijafungwa inaruhusiwa kulipwa kwa muda na kwa masharti. Lakini ripoti ilionyesha pia kwamba wizara haikuwa na utaratibu wa kutosha wa kuyatenganisha malipo halali na yasiyo halali.

Ghala_la_Nafaka alijibu:

Nimesoma maelezo ya Mpekuzi kwa heshima, na sina shaka na historia yake. Naomba hata hivyo nizungumze kwa niaba ya upande ambao katika mijadala hii huhukumiwa kabla haujasikilizwa.

Mkulima wa familia hana ofisi mjini. Jina la shamba ni jina lake, na anwani ya biashara ndiyo nyumba anamolala na watoto wake. Ukichapisha malipo yake, ukijua na bei rejea ya zao, yaani kiwango ambacho bei ikishuka chini yake serikali hulipa, na mavuno ya wastani ya eneo, unaweza kukadiria ana ekari ngapi za msingi, zile zinazotumika kuhesabia malipo, na kutoka hapo ukakisia mapato yake. Mwenye ardhi anayemkodisha shamba anasoma orodha hiyo kabla ya kupandisha kodi. Mfanyabiashara wa mbolea anaisoma kabla ya kupanga bei. Ni watu wangapi wengine ambao kipato chao kinatundikwa namna hiyo?

Tena orodha tupu hupotosha. Mipango mingi ya sasa hulipa pale bei au mapato yanaposhuka chini ya kiwango kilichowekwa, kwa hiyo mwaka wa malipo makubwa mara nyingi ndio mwaka ambao mkulima aliumia. Mwaka 2019, wakati wa mvutano wa ushuru kati ya Marekani na China, serikali ililipa mabilioni ya dola kwa wakulima waliokosa soko. Mtu anayelisoma jedwali la mwaka huo bila kuijua sababu ataona utajiri mahali palipokuwa na hasara. Anayedai uwazi na adai basi maelezo yote, sababu ya malipo ikiwa imeandikwa pembeni ya kiasi.

Mwanafunzi_wa_Sera alijibu:

Nawashukuru nyote wawili. Hoja ya Ghala imenigusa, hasa ile ya anwani ya biashara kuwa nyumba ya kuishi, na nitaipa nafasi yake katika tasnifu. Hata hivyo naona mzigo umeangukia asiyestahili. Mkulima mmoja anayelima kwa jina lake mwenyewe ndiye anayeonekana kikamilifu kwenye jedwali, jina na kiasi, wakati yule aliyepanga umiliki wake katika tabaka tatu za kampuni haonekani kabisa. Kama lengo lilikuwa kuwalinda wadogo, mbona wanaolindwa ni wale wenye uwezo wa kumlipa mwanasheria?

Nina swali la nyongeza: je, kuna mahali palipojaribu kuyatatua haya mawili kwa pamoja, faragha ya mdogo na uwazi wa mkubwa?

Msomaji_wa_Sheria alijibu:

Umoja wa Ulaya umejaribu, na njia iliyopitiwa huko inafaa kusomwa kwa sababu ilianza kwa kushindwa mahakamani.

Huko ruzuku za kilimo huchukua takriban theluthi moja ya bajeti nzima ya Umoja, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua zinakwenda kwa nani. Waandishi wa habari wa nchi kadhaa, Denmark na Uingereza zikiwa mbele, walizipata orodha kwa kutumia sheria za haki ya kupata taarifa, na mwaka 2005 baadhi yao wakaanzisha mtandao wa Farmsubsidy.org ili kuziunganisha. Baadaye Umoja wenyewe ukaagiza kila nchi mwanachama ichapishe majina ya wanufaika wote ifikapo mwaka 2009. Wakulima wa jimbo la Hesse nchini Ujerumani wakapinga, na tarehe 9 Novemba 2010 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikawapa ushindi. Watu wengi husimulia hukumu hiyo kana kwamba ilikataza uwazi, na hilo si kweli. Mahakama ilikubali kwamba mlipakodi ana haki ya kujua fedha zake zinavyotumika. Ilichokikataa ni kuwachapisha watu binafsi wote kwa kipimo kimoja, bila kutofautisha nani kapokea kiasi gani, mara ngapi na kwa muda gani. Kwa kampuni, mahakama haikuona tatizo.

Kutokana na hukumu hiyo sheria ya 2013 ikaandikwa upya. Majina yakarudi, lakini anayepokea kiasi kidogo, kiwango kikiwa ni euro 1,250 kwa mwaka, jina lake halichapishwi. Hapo, Ghala, ndipo hoja yako ilipopata jibu la kisheria. Kisha sheria inayotumika tangu 2023 ikaongeza sharti ambalo Mwanafunzi angelipenda: kampuni inayoomba malipo ieleze kundi lake, yaani kampuni mama na kampuni tanzu.

Nisiipambe Ulaya kupita kiasi. Majina hayo hukaa kwenye tovuti za serikali kwa miaka miwili tu kisha huondolewa, kwa hiyo anayetaka kuona mwenendo wa muda mrefu hutegemea wananchi waliozinakili orodha mapema. Na jina peke yake halizuii wizi. Nchini Ugiriki, kashfa iliyoibuliwa na Ofisi ya Mwendesha Mashtaka ya Ulaya na kuwafanya mawaziri wajiuzulu mwaka 2025 ilihusu watu waliolipwa kwa malisho ambayo hayakuwa yao. Jina linaweza kuwa la mtu halisi mwenye anwani halisi, na bado ardhi aliyoitaja ikawa ya mwingine. Nchini Slovakia, mwandishi Ján Kuciak aliuawa mwezi Februari 2018, na makala yake ya mwisho, iliyochapishwa baada ya kifo chake, ilihusu wafanyabiashara wa Kiitaliano wenye uhusiano na kundi la kihalifu la 'Ndrangheta, na jinsi walivyonufaika na fedha za kilimo za Ulaya katika mashariki ya nchi hiyo. Kwangu mimi, hii ndiyo sababu ya kuichukulia kwa uzito ile hukumu ya Marekani ya Februari 2008 aliyoitaja Mpekuzi. Majaji walielewa kwamba jina bila kipande cha ardhi ni nusu ya ushahidi, na Bunge likaifunga nusu ya pili kabla mwaka haujaisha.

Ghala_la_Nafaka alijibu:

Kiwango cha chini naweza kukikubali, mradi kiwe cha maana kwa shamba la familia la nchi husika. Na kama kampuni mama lazima itajwe, sina pingamizi. Kampuni haina chumba cha kulala.

Mpekuzi_wa_Nyaraka alijibu:

Nashukuru, Ghala, tumesogeleana. Mwanafunzi, naomba nikuongezee mambo mawili kabla hujaandika sura yako, moja la tahadhari na jingine la kazi.

La tahadhari ni bima ya mazao. Usije ukaandika kwamba majedwali uliyonayo ndiyo ruzuku yote. Serikali ya Marekani huwalipia wakulima zaidi ya nusu ya ada ya bima, kwa wastani takriban asilimia 62, na sheria ya bima inazuia majina ya wanaonufaika yasitolewe. Ruzuku hiyo ya ada haina ukomo kwa mtu mmoja kama ulivyo ukomo wa ruzuku nyingine. Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali ilipolichunguza jambo hili mwaka 2012 ilikadiria kwamba kama ungewekwa ukomo wa dola 40,000 kwa mwaka 2011, ungewagusa wakulima wasiozidi asilimia 3.9 ya wote wenye bima, nao ndio waliochukua karibu theluthi moja ya ruzuku yote ya ada. Fikiria kwamba mpango wenye ukomo una majina, na usio na ukomo hauna majina.

La kazi ni hili. Huwezi kuwaona wabia, lakini unaweza kukisia idadi yao kutokana na fedha zenyewe. Chukua ubia uliolipwa dola 1,000,000 kwa mwaka mmoja wa mazao chini ya mpango wenye ukomo wa dola 125,000. Ukigawanya, unapata nane. Kwa hiyo ofisi ilikubali kwamba kuna watu wanane au zaidi wanaostahili, na kila mmoja wao anatakiwa awe anachangia kazi au usimamizi katika shamba. Linganisha idadi hiyo na wabia uliowapata kwenye daftari la jimbo. Ukikuta mkurugenzi mmoja na sanduku moja la posta, unalo swali halali la kuiandikia wizara, na unaweza kuliuliza bila kumtuhumu mtu yeyote, kwa sababu sheria ya 2018 iliwaruhusu hata binamu na wapwa kuhesabiwa katika shamba la familia.

Angalia tu mitego miwili. Malipo ya kushuka kwa bei hutolewa kuanzia Oktoba ya mwaka unaofuata mavuno, kwa hiyo panga mistari yako kwa mwaka wa mpango, usiipange kwa tarehe ya malipo, la sivyo utajumlisha misimu miwili na kuwazidisha wabia. Na karanga zina ukomo wake wa peke yake. Zitoe pembeni kabla ya kugawanya.